Daftari la Ndoa Limfuate Mjane Kijijini

Matanga yameanuliwa. Ukoo umekaa kikao, muhtasari umeandikwa, wanaojua kuandika wametia sahihi na wasiojua wameweka dole gumba, msimamizi wa mirathi amependekezwa. Ndipo linapoulizwa swali ambalo siku zote za msiba hakuna aliyeliwaza: cheti cha ndoa kiko wapi? Marehemu ndiye aliyekuwa mtunza karatasi za nyumba. Sanduku la bati linafunguliwa, zinatoka stakabadhi za mauzo ya kahawa na kadi za kliniki za watoto ambao sasa ni watu wazima. Cheti hakimo. Kuanzia hapo mama aliyeolewa enzi za Mwalimu anaanza kutafuta ushahidi wa jambo ambalo kijiji kizima kinalijua.

Kwa wengi waliofunga ndoa bomani, kanisani au kwa sheikh mwenye leseni, ushahidi huo upo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei mwaka huo, iliweka utaratibu wa ndoa kuandikwa na kumbukumbu zake kufika kwa Msajili Mkuu. Kazi ya Msajili Mkuu tangu 2006 imo mikononi mwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Cheti hujazwa kwa nakala zaidi ya moja: wanandoa huondoka na yao, mfungishaji ndoa hubaki na yake, na nyingine huenda kwa Msajili pamoja na marejesho. Wilayani, shughuli hizo hufanyika katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, chini ya Katibu Tawala, pale ambapo wananchi mpaka leo wanapaita bomani.

Kwa maneno mengine, serikali ina karatasi na mjane hana, lakini anayetumwa kuzunguka kuitafuta ni mjane. Mzigo huo umetwishwa asiyestahili kuubeba. Kuuhamishia kwa wenye madaftari kunawezekana kabisa, tena kwa nyenzo na sheria ambazo nchi inazo tayari.

Wapo watakaosema cheti ni karatasi tu, ndoa ni watu. Waende wakasimame kwenye dirisha la mafao. Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, humtaka mwenza wa mwanachama aliyefariki athibitishe ndoa kabla ya kulipwa mafao ya warithi. Mfuko wa bima ya afya hutaka cheti kabla ya kumwandikisha mwenza. Mahakama inayosikiliza shauri la talaka haiwezi kuvunja ndoa ambayo haijathibitishwa kwanza kwamba ilikuwapo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Tangu hapo wanasheria wameutaja uamuzi huo kila mara kama mlango wa haki ya wanawake. Ndivyo ulivyo, ila anayeingia katika mlango huo huulizwa kwanza kama alikuwa mke.

Kuna pia mstari mmoja katika kumbukumbu ya ndoa ambao watu hawaujali mpaka siku ya ugomvi. Ni ule unaosema ndoa ni ya mke mmoja au ya wake wengi. Sheria ya 1971 inazitambua zote mbili, na inaruhusu aina kubadilishwa kwa tamko la mume na mke wote wawili mbele ya hakimu au jaji. Lakini mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine, na akifunga, ya pili ni batili. Mama mwenye nakala ya daftari inayoonyesha “mke mmoja” ana neno la mwisho dhidi ya cheti cha pili kitakachoibuka baada ya mazishi. Asipokuwa nayo, yeye na mwenye cheti hicho cha pili wanabaki kushindana kwa mashahidi, na mashahidi wazee hufa mmoja baada ya mwingine.

Kifungu cha 160 cha sheria hiyo hutajwa sana kama kimbilio. Kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, itadhaniwa kuwa walifunga ndoa. Ni kifungu chenye huruma, na kimewaokoa wengi. Hata hivyo dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, na kuipata kunadai shauri, mashahidi, nauli na miezi ya kungoja. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi katika kuibana: Januari 2023 Mahakama yao ya Juu ilisema dhana ya ndoa itumike kwa nadra, penye ushahidi mzito. Kumwambia mtu aliyefunga ndoa ya serikali mbele ya msajili akajitetee kwa dhana, ilhali jina lake limeandikwa kwa wino katika daftari la serikali hiyohiyo, ni kumdhulumu mara mbili.

Sasa, daftari lenyewe liko wapi? Hapa ndipo utafutaji unapokwama, na mara nyingi kosa huanzia kwenye ramani. Chukua mfano wa mama wa Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, aliyefunga ndoa bomani mwaka 1986. Leo Liuli iko Wilaya ya Nyasa, na makao ya wilaya ni Mbamba Bay. Mwaka 1986 hapakuwa na wilaya yenye jina hilo. Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kwa hiyo boma alilokwenda ni la Mbinga, na mahali pa kuanza kuuliza ni Mbinga. Aliyefunga ndoa kabla Mbinga haijawa wilaya atatazama Songea. Akienda Mbamba Bay ataambiwa, kwa ukweli kabisa, kwamba ofisi hiyo haina madaftari ya mwaka huo. Asipopata wa kumwelekeza, atarudi nyumbani akiamini ndoa yake haikuandikwa.

Jambo hilo halihusu Nyasa peke yake. Wa Rorya aliyeoa kabla ya 2007 atafute Tarime. Wa Kyerwa arudi Karagwe, wa Kalambo arudi Sumbawanga, wa Momba arudi Mbozi, wa Buhigwe arudi Kasulu. Mikoa nayo imezaliana: Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002, Njombe, Katavi, Simiyu na Geita zilianzishwa 2012, Songwe ikatoka Mbeya 2016. Cheti halali cha Babati cha mwaka 1990 kitasomeka Mkoa wa Arusha, na ofisa kijana ambaye amekua akiijua Manyara anaweza kukishuku bila sababu. Kila wilaya inapozaliwa hutangazwa mkuu wake, kiwanja cha makao makuu na magari. Orodha ya madaftari yaliyobaki wilaya mama haibandikwi popote. Hilo lingekuwa tangazo la ukurasa mmoja ukutani, na lingeokoa nauli nyingi za watu maskini.

Baada ya mahali, mwaka. Daftari la ndoa hufuata tarehe na namba za vyeti. Halijapangwa kwa majina, kwa hiyo anayefika bila mwaka anamwomba karani afunue kurasa moja baada ya nyingine. Wazee wetu hawakuhesabu kwa kalenda, ila kumbukumbu zao zina vigingi imara, na mtu mwenye subira huweza kuvigeuza kuwa mwaka. Kabla au baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa wakati wa Operesheni Vijiji, 1974? Vijana walikuwa wamekwenda vita vya Kagera, 1978 na 1979? Mwalimu alikuwa amekwisha kung’atuka, 1985? Ilikuwa baada ya kuzama kwa Mv Bukoba, Mei 1996, au mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 1997? Ukiongeza umri wa mtoto wa kwanza kwenye kadi ya kliniki, utafutaji hupungua kutoka miaka kumi hadi miwili.

Majina yanahitaji subira zaidi. Mwanamke anayejulikana kijijini kwa jina la mwanawe wa kwanza, mama fulani, daftarini yumo kwa jina lake la ubatizo au la Kiislamu na jina la baba yake. Pengine mume aliandikwa kwa jina la babu, na kazini akatumia la ukoo. Karani wa zamani aliandika alivyosikia, na palipo na wasemaji wanaobadilishana “r” na “l”, Flora akawa Frola na Hilda akawa Hirida. Mtafutaji makini huandika kwenye karatasi moja kila sura ya jina anayoijua, upande wa mke na upande wa mume, pamoja na majina ya mashahidi. Mashahidi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Jina la mume likiwa limekosewa na la mke limefutika, shahidi mmoja anayetambulika humpa karani uhakika kwamba mstari anaousoma ndio wenyewe.

Ndoa ya bomani huacha pia alama ya pili. Sheria inawataka wachumba watoe taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla, nayo taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ukurasa wa daftari ukiwa umeliwa na mchwa, jalada la taarifa za ndoa la mwaka huo huweza kuwa zima. Watafutaji wachache hulikumbuka. Msimamizi wa masjala aliyekaa kazini muda mrefu hulikumbuka, na ndiyo maana inafaa kumuuliza yeye kwa heshima kabla hajastaafu.

Waliofunga ndoa kanisani wana njia nyingine. Parokia za Kikatoliki zimeandika ndoa tangu zama za wamisionari wa kwanza. Bagamoyo ilianza mwaka 1868, Peramiho 1898. Sheria ya Kanisa inaagiza zaidi ya kuiandika ndoa kwenye daftari la parokia ilikofungwa: habari yake hurudishwa pia kwenye parokia ya ubatizo, ikaandikwa pembeni mwa jina la mbatizwa. Maana yake, mtu aliyebatizwa Peramiho akafunga ndoa Tabora, wala watoto wake hawajui parokia gani ya Tabora, anaweza kuanza Peramiho. Katekista akifungua ukurasa wa ubatizo, pembeni mwa jina, kwa maandishi madogo ya wino tofauti, huwa pameandikwa tarehe, mahali na jina la mwenzi. Mstari huo mmoja humtuma mtafutaji moja kwa moja kwenye daftari sahihi. Ni utaratibu wa karatasi na posta tu, hauna mtambo wowote, na unafanya kazi kwa sababu mtu mmoja alipewa wajibu wa kuandika na mwingine wajibu wa kupeleka habari.

Makanisa mengine yana mipaka yao ya kale. Mwambao wa Nyasa, Liuli ikiwamo, ulihudumiwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, ambao makao yao ziwani yalikuwa kisiwa cha Likoma, leo sehemu ya Malawi. Anayefuatilia ndoa ya bibi na babu wa enzi hizo asishangae utafutaji ukivuka maji. Kwa Waislamu, pa kuanzia ni sheikh aliyefungisha au mrithi wake msikitini, kisha ofisi ya sheikh wa wilaya. Kumbukumbu ya ndoa ya Kiislamu huonyesha pia mahari, iliyolipwa na iliyobaki, na mahari iliyobaki ni deni linalodaiwa katika mali ya marehemu kabla ya kugawanywa. Karatasi hiyo ikipotea, mjane hupoteza na deni lake. Zanzibar ina sheria zake na wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii, hivyo aliyefunga ndoa Pemba asipoteze muda kwenye ofisi za Bara.

Likishajulikana la kuulizwa, liandikwe. Kuomba kwa mdomo ni kuondoka bila alama. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: kwa Msajili wa Ndoa wa Wilaya, YAH: MAOMBI YA NAKALA ILIYOTHIBITISHWA YA KUMBUKUMBU YA NDOA. Ndani yake yaingie majina kamili ya wote wawili na sura zake nyingine, mwaka au miaka inayokisiwa, mahali na mfungishaji ndoa, mashahidi, uhusiano wa mwombaji na wanandoa, na sababu ya kuomba. Iambatane na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au kata, nakala ya kitambulisho cha NIDA, taarifa ya polisi ya upotevu kama cheti kilipotea, na cheti cha kifo kama mmoja amefariki. Nakala ya pili ya barua hiyo igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, naye mwombaji arudi nayo. Malipo yafanywe kwa kontro namba peke yake. Fedha inayopita mkononi haina risiti wala mtu wa kuiulizia.

Mhuri wa kupokelewa una kazi kubwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inampa mwenye taarifa muda usiozidi siku 30 kumjibu raia kwa maandishi kama taarifa aliyoomba ipo au haipo. Ofisi ya wilaya ni mwenye taarifa kama ofisi nyingine za umma. Lakini barua za aina hii kwa kawaida hujibiwa kwa “njoo kesho”, “mhusika yuko semina”, “mtandao unasumbua”. Mwananchi mwenye mhuri wa tarehe anaweza kurudi siku ya 31 akaonyesha karatasi badala ya kusihi. Wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na timu za kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia zilizozunguka mikoani tangu 2023, wangefanya jambo kubwa kama wangefundisha hilo moja tu: barua, mhuri, siku 30.

Na kama daftari limetafutwa na halikuonekana? Mwombaji asiondoke na jibu la mdomo. Aombe barua inayosema daftari gani limetazamwa, la miaka gani, na kwamba kumbukumbu haikuonekana. Barua hiyo ina uzito mahakamani. Inaonyesha kuwa mama hakukaa tu akingoja huruma, na inafungua njia ya kuleta ushahidi wa aina nyingine: kiapo cha mashahidi waliobaki, daftari la kanisa, picha za harusi, fomu za kazini ambazo marehemu alimtaja kuwa mke wake. Baadhi ya maofisa huikwepa barua ya namna hiyo wakidhani inakiri uzembe. Hiyo ni hofu isiyo na msingi. Kusema “hatukuona” ni kazi halali ya masjala, na kukataa kuisema kwa maandishi ndiko kunakomfungia mwananchi njia.

Makarani nao watendewe haki. Ofisi ya wilaya hushughulika na vizazi, vifo, ndoa, barua za kila namna na wageni wa Mkuu wa Wilaya. Kila mwaka, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, foleni ya vijana wanaohitaji vyeti vya kuzaliwa hujaza korido. Mtu mmoja hawezi kuhudumia foleni hiyo na papo hapo kufunua daftari la 1979 kwa ajili ya mjane aliyesahau mwaka. Ofisi isiyo na fahirisi humlazimu karani achague nani ahudumiwe, na mwenye haraka kidogo ndiye husubiri zaidi.

Lipo kundi ambalo hata fahirisi bora haitalisaidia, nalo ni la waliooana kimila. Sheria ya 1971 inawapa wajibu wa kuomba ndoa yao iandikishwe ndani ya siku 30. Vijijini ni wachache waliopata kuusikia wajibu huo. Mahari yalitolewa, ng’ombe wakahesabiwa, wazee wakabariki, ndoa ikawa ndoa, na kutoiandikisha hakuiondolei uhalali. Lakini haina mstari popote. Kenya nayo ilikuwa na pengo hilo mpaka Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipozikusanya sheria za zamani pamoja, na tangu Agosti 2017 kanuni zake zinawataka waliooana kimila waandikishe. Somo la huko ni kwamba sheria peke yake haimtoi mtu kijijini kwenda kwenye ofisi ya usajili mjini. Lazima ofisi imsogelee.

Tanzania imekwisha kuthibitisha kuwa inaweza kusogea. Mwaka 2013, kwa kuanzia Mbeya, usajili wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano ulihamishiwa kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, habari zikatumwa kwa simu ya mkononi, na mama akapewa cheti bila malipo siku hiyohiyo. Mpango ukaenea mkoa hadi mkoa. Zamani mama huyohuyo alilazimika kwenda bomani kwa kila mtoto. Kama kata inaweza kuandika uzazi, inaweza pia kupokea barua ya kuomba kumbukumbu ya ndoa na kuituma wilayani, na inaweza kupokea maombi ya kuandikisha ndoa ya kimila iliyofungwa wiki iliyopita. Mtendaji wa kata anazijua familia hizo. Ndiye anayeandika barua za utambulisho leo, kwa hiyo kazi yenyewe inaanzia mezani kwake.

Kinachokosekana ni fahirisi, na fahirisi haihitaji mradi wa mabilioni. Kila ukurasa wa daftari la zamani upigwe picha safi kabla haujaoza zaidi. Kisha iandikwe orodha yenye vitu vichache tu: jina la mume, jina la mke, mwaka, namba ya cheti, na daftari lilipo. Chuo cha Utumishi wa Umma hufundisha vijana utunzaji wa kumbukumbu, na vijana hao hutafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo. Kundi lao dogo, chini ya msimamizi wa masjala, linaweza kufanya wilaya moja kwa msimu mmoja wa likizo. Orodha ikikamilika, nakala iende RITA, nyingine iende wilaya zote zilizomegwa kutoka wilaya hiyo, ili mama wa Liuli akifika Mbamba Bay aonyeshwe kwenye kompyuta kwamba jina lake liko Mbinga, na ombi lake litumwe kutoka hapohapo.

Wanaohofia faragha wana hoja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawaunga mkono. Si kila mtu apewe kuchungulia ndoa ya mwenzake. Ndiyo sababu fahirisi iwe na majina, mwaka na namba tu, na nakala yenyewe itolewe kwa wanandoa, watoto wao, msimamizi wa mirathi au mahakama. Wanaohofia wajanja wanaojitokeza baada ya msiba na vyeti vya kughushi wanapaswa kuwa wa kwanza kuidai fahirisi. Cheti bandia hustawi pale ambapo hakuna wa kukilinganisha na daftari. Palipo na orodha ya namba, ofisa wa mfuko wa pensheni hugundua kwa dakika chache kuwa namba iliyo mbele yake ni ya wanandoa wengine wa kijiji kingine.

Viongozi wa dini wana sehemu yao, na si ndogo. Leseni ya kufungisha ndoa huja na wajibu wa kupeleka marejesho. Padri, mchungaji au sheikh anayefungisha ndoa Jumamosi akaweka kitabu kabatini mpaka mwaka uishe anaandaa taabu ya mtu atakayekuwa mjane miaka thelathini baadaye, wakati yeye mwenyewe keshahamishwa au keshafariki. Baraza la wazee wa kanisa na kamati ya msikiti zinaweza kuuliza swali moja kila robo mwaka, kama zinavyouliza habari za sadaka: marejesho ya ndoa yamekwenda, na risiti yake iko wapi?

Pa kuanzia ni wilaya mama za mwaka 2012 na zile zilizomegwa humo, kwa sababu huko ndiko watu wanakotumwa huku na huko zaidi, na mashahidi wa ndoa za miaka ya 1970 na 1980 bado wapo wa kusaidia kusahihisha majina. Wizara ya Katiba na Sheria, ambayo RITA iko chini yake, ikubaliane na TAMISEMI kuhusu watendaji wa kata, ichague wilaya chache za mwanzo, Mbinga pamoja na Nyasa zikiwamo, na itangaze bungeni tarehe ambayo madaftari yao yote ya kabla ya kugawanywa yatakuwa yamepigwa picha na kuorodheshwa.